Jino la Mia na Kumi na Mbili

Kidole cha nne cha mashine kiliungua kwa mara ya tatu siku ya Jumanne asubuhi, na safari hii Fundi Deogratias Kibwe hakukibadilisha. Alikifungua kikiwa bado cha moto, akakiweka juu ya meza ya kazi, kisha akampigia simu Injinia Pelagia Mkude aliyekuwa ofisini mjini Morogoro.

"Injinia, naomba upande uje uone mwenyewe," alisema. "Hiki ni cha tatu tangu Januari. Nikiweka kingine bila kujua kwa nini vinaungua, nitakuwa namdanganya mtu, ila sijui ni nani."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na Pelagia alijua kwamba Kibwe hapigi simu kwa jambo dogo. Akaacha chai yake mezani, akawahi behewa la saa mbili.

Reli ya kamba ya Mahembe ilikuwa na mabehewa mawili tu, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya chuma. Moja likipanda milima ya Uluguru, lingine lilishuka. Juu kabisa, kijijini Mahembe, ilikuwepo nyumba ya mashine iliyozungusha gurudumu la kuivuta kamba hiyo. Abiria wa siku ile walikuwa akina mama wenye matenga matupu ya mboga, mwuguzi mmoja, na kijana aliyelala mdomo wazi. Hakuna aliyepaza sauti. Tangu kifaa cha Mtulizo kifungwe kwenye mashine, miaka sita iliyopita, watu walizoea kunong'ona ndani ya behewa kama walio kanisani, kwa sababu hapakuwa na kelele ya kushindana nayo. Pelagia hakuwahi kuchoka kuutazama utulivu ule. Ulikuwa kazi ya mikono yake.

Kabla ya Mtulizo, mashine ya Mahembe ilisikika hadi bonde la tatu. Meno ya gia hayakutani kwa upole. Jino likibeba mzigo hupinda kidogo, chini ya unene wa unywele, na kupinda huko kunatosha kulifanya jino la nyuma yake liingie kwa kishindo. Gia kubwa ya Mahembe ilikuwa na meno mia moja themanini na saba, na vishindo vyake vilifika mia mbili na themanini kila sekunde, hata vikawa mlio mmoja mrefu uliopita kwenye chuma, ukashuka kwenye zege, ukaingia kwenye mwamba na kutokea chini ya vitanda vya watu. Sheria ya Utulivu ilipopitishwa, kila nyumba ikafungiwa kipima-sauti ukutani. Mashine ikizidi kiwango, vipima-sauti viliukata umeme wake vyenyewe, bila kumwuliza mkubwa wala mdogo. Reli ikabaki na safari nne kwa siku, tena polepole.

Ndipo Pelagia alipobuni Mtulizo. Alifunga vidole vinane vya kauri kuzunguka beringi zinazoshika shafti, ule mhimili wa gia, vidole vinavyorefuka na kufupika vikipewa umeme. Kila mtetemo ulipokuja, vidole viliisukuma shafti upande wa pili, kwa kiasi kilekile na wakati uleule, mpaka mtetemo ukafa kabla haujafika kwenye zege. Mtulizo ulijifunza wenyewe, kwa kusikiliza matokeo ya kila msukumo. Safari zikapanda kutoka nne hadi ishirini na mbili. Jina la Pelagia likachongwa kwenye kibao cha shaba, ukumbi wa kituo cha chini.

Kibwe alimpokea mlangoni akiwa na kidole kilichoungua kiganjani.

"Vile saba ni vya miaka sita na vizima kabisa," alisema. "Hiki cha nne ndicho kinachokufa. Kipimo cha sauti kiko kijani muda wote. Nimekitazama mpaka macho yanauma."

Pelagia alikaa mbele ya kioo cha mashine. Kijani kitupu, mstari ulionyooka kama kamba ya mwashi. Akauliza, "Kibwe, tumewahi kutazama nguvu inayotumika kupata huu mstari?"

"Ya nini? Tulitaka kimya, tukapata kimya."

"Ndiyo. Tulisikiliza kimya. Jitihada hatukuisikiliza."

Kumbukumbu za jitihada zilikuwepo, kwa sababu Mtulizo ulizihitaji ili ujifunze. Hapakuwa na mtu aliyeagiza zionyeshwe. Pelagia alizivuta mwezi kwa mwezi, akazipanga juu ya kioo. Kwenye mstari wa kidole cha nne, katika kila mzunguko wa gia kubwa, palikuwa na mwiba mmoja, mahali palepale. Mwezi wa saba mwaka uliopita mwiba ulikuwa mdogo kama ncha ya sindano. Mwezi huu ulikuwa umepita kimo cha kioo.

Kibwe alihesabu meno kuanzia alama ya rangi kwenye gia. "Mia na kumi na mbili," alisema.

Walisimamisha mashine, wakafungua dirisha dogo la kifuniko, wakaizungusha gia kwa mkono mpaka jino lile likafika mbele ya taa. Kibwe alilifuta mafuta, akalipaka rangi nyekundu nyembamba kama maji, akasubiri, akaifuta, kisha akapuliza unga mweupe juu yake. Kwa dakika moja hapakuonekana kitu. Halafu, shinani mwa jino, mstari mwekundu ukaanza kujichora juu ya unga, taratibu, ukaenda kutoka pembe moja hadi karibu na pembe ya pili.

Kibwe alizima taa, akaiwasha tena, kana kwamba mstari ungeweza kuondoka.

Pelagia alijikuta kwanza akistaajabu. Kifaa chake kilikuwa kimefanya jambo ambalo hakukifundisha. Jino lenye ufa hupinda kuliko wenzake, na likipinda zaidi hugonga zaidi. Mtulizo uliliona hilo miezi tisa kabla ya binadamu yeyote, ukalijua kwa namba yake, ukalihudumia mara tatu kila sekunde mbili bila kukosea hata mara moja. Alikuwa hajaona kazi safi namna ile maishani mwake.

Kisha akaielewa kazi yenyewe. Ili jino lisigonge, Mtulizo ulikuwa ukilisukuma libebe mzigo kama jino zima. Kila mzunguko, mgonjwa alikuwa akiinuliwa na kupewa gunia lake.

"Zamani tulikuwa tunafungua hiki kifuniko kila miezi mitatu," Kibwe alisema kwa sauti ya chini.

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyesaini iwe mara moja kwa mwaka."

* * *

Mkurugenzi wa reli, Bwana Ladislaus Mbena, alisikiliza simu yote bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebeba mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Gia mpya itachukua muda gani?"

"Siku arobaini. Kuchonga, kupika kwenye tanuri, kusaga meno."

"Barabara imekatika wiki ya tatu sasa. Droni za dawa hazirushwi kwenye ukungu huu. Kesho kuna wagonjwa tisa wa figo wa kushuka hospitali kusafishwa damu, na Ijumaa tena, na Jumatatu tena. Ukifunga reli siku arobaini, unajua wangapi watakuwa hai?"

"Najua."

"Basi punguza mwendo, punguza abiria, tuendelee kimyakimya mpaka gia ifike."

"Ufa haujali mwendo, Mkurugenzi. Kila mzunguko unakula kidogo. Jino likikatika, kipande chake kitaingia katikati ya gia mbili, na kuanzia hapo tutakuwa tumebaki na breki za behewa, ambazo hatujawahi kuzijaribu behewa likiwa limejaa." Akanyamaza kidogo. "Ipo njia ya tatu. Naweza kuugeuza Mtulizo. Badala ya kuua sauti, vidole viivute shafti nyuma kidogo kila jino hilo linapofika, ili meno ya jirani yabebe mzigo wake. Lenyewe halitabeba mzigo wowote wa maana. Litafika siku arobaini."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Vidole haviwezi kufanya kazi zote mbili. Kelele itarudi. Mlio wa zamani, na juu yake kishindo kila mzunguko."

Mbena alivuta pumzi. "Vipima-sauti vitakata umeme kabla behewa halijatoka kituoni."

"Isipokuwa kijiji kitoe idhini. Sheria inaruhusu. Mkutano wa wakazi, kwa kura."

"Utawaambia nini? Kwamba Mtulizo umeharibika?"

"Haukuharibika. Nitawaambia ulivyofanya kazi, na nilivyoukosea."

"Pelagia, jina lako liko kwenye kibao pale ukumbini. Watu wa nchi nyingine wanakuja kulipiga picha. Unaweza kusema kuna matengenezo. Ni kweli pia."

Pelagia alilipima lile neno, simu ikiwa sikioni. Neno matengenezo lilikuwa fupi na jepesi, wala halikuwa uongo. Kwa neno hilo angepata idhini kwa nusu saa, wagonjwa tisa wangeshuka kesho, na hakuna mtu ambaye angedhurika. Alitafuta ni nani angeumia kwa kutojua, na mwanzoni hakumpata. Kisha akawafikiria watu wa Mahembe wakilala miaka mingine ishirini juu ya ule mwamba, wakiuamini ukimya kwa sababu yeye aliwaambia wauamini.

"Watapanda wao na watoto wao," alisema. "Wapande wakijua."

"Haya," Mbena alisema. "Nitakuwepo kwa simu. Wakitaka kumtukana mtu, wagawe matusi kati yako na mimi."

* * *

Mkutano ulifanyika alasiri katika bwalo la shule ya msingi, mita mia mbili kutoka nyumba ya mashine. Mwenyekiti wa kijiji aliufungua, lakini kila mtu alijua nani angeuliza maswali. Mwalimu Mkuu Skolastika Mlunga alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyeipeleka reli mahakamani wakati wa kelele, akashinda. Katika miaka ile alifundisha kwa kupiga ukelele, na sikio lake la kushoto lilibaki na mvumo usiokwisha.

Pelagia alieleza yote. Alichora jino ubaoni, akachora ufa, akachora vidole. Alisema kuhusu saini yake. Hakupamba wala hakulia.

"Injinia," Mwalimu Skolastika alisema alipomaliza, "huo ufa umeujua lini?"

"Leo asubuhi, Mwalimu."

"Na kabla ya leo?"

"Kabla ya leo sikuuliza. Kipimo kilikuwa kijani, na mimi ndiye niliyechagua kipimo kipime nini."

Mnong'ono ukapita bwaloni. Mwanamume mrefu aliyesimama karibu na dirisha akainua mkono. Alikuwa Gervas Luanda, mfugaji wa nyuki.

"Mimi nitasema wazi nisije nikaonekana mnafiki," alisema. "Wakati wa kelele nyuki wangu walihama wote. Wamerudi mwaka wa tatu huu. Nawaonea huruma wagonjwa, lakini nitapiga kura ya hapana, na sitaki mtu anichukie."

"Hakuna wa kukuchukia, baba," mwenyekiti alisema. "Ndiyo maana ya kura."

Mwalimu Skolastika alikuwa bado amesimama. "Hatuwezi kupigia kura kitu tusichokisikia," alisema. "Humu kuna watoto wa darasa la kwanza ambao hawajawahi kuusikia mlio huo. Na sisi wakubwa tumeanza kuusahau, tunadhani ulikuwa mdogo. Washeni kwanza."

Kibwe alikuwa nyumba ya mashine akingoja, Mtulizo ukiwa umeshageuzwa. Pelagia alimpa ishara kwa simu, vipima-sauti vikazimwa kwa dakika tano kwa ruhusa ya mwenyekiti, na mabehewa matupu yakaanza kwenda.

Mlio ulianzia sakafuni. Watu waliusikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Kisha ukapanda, ukalijaza bwalo, mlio mzito usio na mapumziko, na ndani yake kishindo, kishindo, kishindo, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa chuma. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba masikio. Wazee walitazamana. Wengine walikuwa wamesahau kweli.

Mwalimu Skolastika aliinua kiganja chake akakiweka ukutani. Alibaki hivyo dakika zote tano, amefumba macho.

Mlio ulipokoma alifungua macho. "Hicho kishindo," alimwuliza Pelagia. "Ndicho hilo jino?"

"Ndicho, Mwalimu. Ni jino linapopumzishwa."

"Kwa hiyo siku kishindo kikibadilika, hata mimi nitajua?"

Pelagia hakuwa amelifikiria hilo. "Ndiyo," alisema. "Kikibadilika, utajua kabla yangu."

Mwalimu alikaa. Kura zilikuwa mia mbili na kumi na mbili za ndiyo, sitini na moja za hapana. Gervas Luanda aliinua mkono wake wa hapana juu kabisa, akahesabiwa, kisha akatoka kwenda kuomba watu wa kumsaidia kuhamisha mizinga. Walijitokeza wanane, na saba kati yao walikuwa wamepiga kura ya ndiyo.

* * *

Kesho yake wagonjwa tisa walishuka. Pelagia alikaa nao kwenye behewa la kwanza, kwa sababu hakuona angemwombaje mtu akae mahali ambapo yeye hayupo. Ilibidi wapaze sauti ili wasikilizane, na kwa muda mfupi wakawa wanacheka jinsi walivyokuwa wakipigiana kelele. Walifika. Ijumaa walishuka tena, na Jumatatu tena.

Pelagia alihamia nyumba ya wageni ya shule, akawa anapita njia ya darasani kila siku kwenda kwenye mashine. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo ambalo baadaye alilisimulia mara nyingi kuliko uvumbuzi wake wowote. Kila behewa lilipoondoka, madarasa yote yalinyamaza. Mwalimu Skolastika alisimama mbele ya ubao, chaki ikiwa imeinuliwa pale sentensi ilipokatikia, na watoto arobaini walisubiri pamoja naye. Hakukunja uso. Hakutazama saa. Dakika sita zikipita na mlio ukikoma, aliendelea na sentensi ileile kuanzia neno lilelile. Safari ishirini na mbili kwa siku, na kumi na tatu kati ya hizo zilipita saa za masomo. Shule ilisogeza muda wa kufunga kwa saa moja na nusu, na hakuna mzazi aliyelalamika.

Watoto walianza kuhesabu vishindo. Siku ya ishirini na sita, kabla ya saa nne asubuhi, Mwalimu mwenyewe alitoka darasani, akatembea kwa haraka hadi nyumba ya mashine, akamgonga Kibwe begani.

"Kimekuwa kizito," alisema. "Tangu safari iliyopita."

Kibwe alitazama vipimo vyake. Havikuonyesha kitu. Hata hivyo alisimamisha behewa kituo cha juu, akafungua kifuniko. Kidole cha sita kilikuwa kimelegea kwenye nati yake, kwa hiyo shafti haikuwa ikivutwa nyuma ya kutosha, na jino lilikuwa limeanza kubeba tena. Alikikaza. Ilichukua dakika ishirini.

"Mwalimu, umesikiaje kwa sikio hilo?" aliuliza.

"Sikusikia kwa sikio. Mimi huwa naegemea ukuta."

Gia mpya ilifika siku ya thelathini na nane, ikavutwa juu na gia ileile mbovu iliyokuwa inangoja kubadilishwa. Siku mbili baadaye waliitoa ya zamani. Wakati winchi inainyanyua, jino la mia na kumi na mbili liligusa ukingo wa kifuniko, mguso mdogo tu, likakatika na kuanguka sakafuni. Ufa ulikuwa umebakiza upana wa kidole kidogo cha mtoto. Kibwe aliliokota, akalipima kwa macho, akampa Pelagia. Kisha akaenda nje akanawa mikono kwa muda mrefu.

Mwalimu Skolastika alikuja jioni, baada ya masomo. Alilishika lile jino, akapitisha ukucha pale chuma kilipokuwa cheusi, na pale kilipokuwa kinang'aa, sehemu ndogo iliyokuwa imeshikilia watu wote wale.

"Sasa mtakirudisha kimya," alisema.

"Mkitaka. Kura ni yenu. Lakini nimeandika ombi kwa wasimamizi wa Sheria ya Utulivu. Kila kipima-sauti kiongezewe kioo cha pili, kinachoonyesha jitihada. Mtu akiwa kitandani kwake ataona kimya kinapatikana kwa nguvu kiasi gani."

"Na watu watajuaje kukisoma?"

"Nitaandika kijitabu."

Mwalimu alimrudishia jino, akarekebisha miwani yake. "Kijitabu watafungia maandazi. Njoo ufundishe. Jumatatu, kipindi cha pili, darasa la saba. Halafu la sita. Wakishaelewa wao, wazazi wao watafundishwa wakitaka wasitake."

"Mimi si mwalimu, Mwalimu Skolastika."

"Nilikuona siku ile bwaloni. Ulichora vizuri, na ulipofika mahali ulipokosea hukuruka. Hao ndio ninaowatafuta."

Jumatatu, kipindi cha pili, Pelagia Mkude alisimama mbele ya watoto arobaini na chaki mkononi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi dawati la nyuma kabisa, bega lake likigusa ukuta. Mtulizo ulikuwa umerudi kazini, na mlimani kulikuwa kimya. Pelagia alichora mstari mmoja ulionyooka ubaoni, akageuka, akawauliza ni nani anaweza kumwambia mstari huo unaficha nini. Mikono kumi na saba ikainuka.